Nataka bastola, mke wangu amekataa

Asalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni mfanyabiashara hapa Arua. Nakaa Oli na mke wangu na watoto wetu wanne, na mpwa wangu pia analala kwetu. Nanunua maharage, simsim na mihogo mikavu vijijini, nauza Ariwara upande wa Kongo, na msimu ukiwa mzuri mzigo wangu hufika hadi Sudan Kusini. Biashara hii inataka pesa mkononi. Kuna usiku nalala juu ya shilingi na dola ambazo nusu yake si zangu.

Mwezi wa tatu walituvamia. Ilikuwa saa nane usiku, mvua inapiga mabati hata mbwa wa jirani hasikiki. Walivunja mlango wa nyuma, wanne, na mapanga. Mpwa wangu ndiye aliyeamka kwanza, akajaribu kuwazuia, wakamkata mkono. Walibeba pesa ya mzigo mzima niliokuwa nimeuza jana yake. Polisi walikuja asubuhi, wakaandika maelezo. Mpaka leo hajakamatwa mtu.

Tangu siku ile silali, Shangazi. Paka akiruka ukutani, nimeshashika panga.

Nimeamua kununua bastola, na nina njia mbili. Ya kwanza ni kuomba leseni, ambayo naambiwa inachukua muda. Ya pili, kuna mtu ninayemfahamu sokoni anasema anaweza kunipatia bastola iliyotoka ng'ambo ya mpaka, bei nafuu, wiki hii hii. Kuitumia si tatizo, nilipita chaka mchaka, yale mafunzo ya kijeshi ya raia, nikiwa kijana, AK-47 naifungua na kuifunga macho yamefumbwa.

Mama watoto amekataa kabisa. Anasema bastola ikiingia, yeye anatoka. Anasema nina hasira za haraka. Sikatai, nina hasira, lakini sijawahi kumwinulia mkono mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Anataja na watoto: wadogo wana miaka 5 na 8, hakuna kabati wasilofungua. Tena anamtaja mkubwa wetu, ana miaka 17. Matokeo yake ya S4, kidato cha nne, yalikuwa mabaya, na tangu hapo amekuwa mkimya, hali vizuri, anashinda chumbani. Mimi namwambia hayo ni mambo ya ujana, yatapita, hayahusiani na wezi.

Shangazi, mwanamume asiyeweza kulinda watu wake ni mwanamume gani? Nishauri.

Baba wa Wanne, Oli

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Pole sana, na umpe mpwa wako pole yangu. Hofu uliyonayo haitokani na udhaifu. Mwaka 2021, kati ya Julai na Septemba, watu zaidi ya 20 katika wilaya za upande wa Masaka, wengi wao wazee, walikatwa mapanga usiku majumbani mwao, na nchi nzima ikawa inalala kwa wasiwasi. Mtu aliyesikia mlango wake ukivunjwa na watoto wake wako ndani hawezi kuambiwa atulie tu. Nimeisoma barua yako kama ya baba anayetaka watu wake wabaki hai, na nakujibu kwa nia hiyo hiyo.

Bastola ya huyo mtu wa sokoni ikatae leo. Ya leseni nayo, kwa hali ya nyumba yako ilivyo sasa, usiiombe. Mke wako yuko sahihi, na sababu zake ni nzito kuliko unavyozichukulia.

Turudi kwanza kwenye usiku ule. Umelala, mvua inapiga, na wenye mapanga wamo ndani kabla hujajua kama unaota au la. Bastola iko wapi? Ikiwa imefungiwa kwenye sefu, risasi zimewekwa kando, itabidi utafute ufunguo, ufungue, upakie, yote gizani na mikono inatetemeka. Hutawahi. Ikiwa chini ya mto, imeshapakiwa, huenda ukawahi. Sasa hesabu siku nyingine zote za mwaka ambazo hakuna mwizi. Chini ya mto huo huo anapita mtoto wa miaka 5 ambaye hakuna kabati asilofungua. Silaha iliyo tayari kukuokoa saa nane usiku ndiyo iliyo tayari kumuua mwanao saa nne asubuhi, na ile ambayo mtoto hawezi kuifikia, wewe pia hutaifikia wezi wakija. Watu wanaoniambia wao wameweza yote mawili huwa nawauliza ufunguo wanauweka wapi, na karibu kila mara mtoto wao mkubwa anapajua.

Tuseme umewahi. Mpwa wako yuko kwenye ujia, katikati yao, kama alivyokuwa mwezi wa tatu. Unampiga nani? Chaka mchaka walikufundisha kufungua bunduki na kulenga shabaha mchana, shabaha imesimama, hakuna anayekukimbilia. Kumtofautisha mpwa na mwizi gizani, ndani ya sekunde mbili, ni kazi inayowashinda hata askari wanaofanya mazoezi kila mwezi. Na Oli unaijua wewe kuliko mimi: nyumba zimesongamana, dirisha lako linatazamana na chumba wanacholala watoto wa jirani.

Faida zipo, sitazificha. Wapo watu walioinua bastola na wezi wakakimbia. Lakini mambo hayo yamepimwa Marekani, ambako raia wana bunduki nyingi majumbani kuliko nchi yoyote. David Hemenway na Sara Solnick walichambua takwimu za serikali za watu waliokutana uso kwa uso na wahalifu kati ya 2007 na 2011. Waliotumia bunduki kujitetea hawakufika hata 1 kati ya 100, na hapakuonekana ushahidi wa maana kwamba bunduki iliwakinga na majeraha kuliko njia nyingine za kujitetea. Hiyo ni nchi ambayo bunduki inauzwa dukani, na bado mtu akivamiwa mara nyingi silaha yake haiko mkononi.

Halafu kuna jambo moja ambalo nadhani hukulitazama. Wale wanne walikuja na mapanga. Sokoni watu wanasema kila kitu. Ikijulikana una bastola, na itajulikana, watakaokuja mara ya pili watakuja na bunduki, na watakuanza wewe. Tena bastola yenyewe itakuwa sababu ya kuja. Tarehe 31 Oktoba 2022 watu walivamia kituo cha polisi cha Busiika, Luweero, wakaua polisi wawili na kuondoka na bunduki zao. Kama kituo cha polisi kinavamiwa kwa ajili ya silaha, nyumba ya mfanyabiashara itakuwaje? Karamoja wameyapitia haya kwa miaka mingi. Ghala la silaha la kambi ya Moroto lilipovunjwa 1979, kila mwenye ng'ombe alitaka bunduki ya kulinda zizi lake, na jirani yake naye akataka, na wizi wa ng'ombe ukageuka vita vya risasi. Serikali ilianza kukusanya bunduki hizo 2001, ikarudia 2006, ikaja tena na operesheni ya Usalama kwa Wote 2021, na kazi ilikuwa bado. Sisi wa West Nile nasi hatuhitaji kufundishwa bunduki hukaa muda gani mikononi mwa watu baada ya vita kwisha.

Hata walio na walinzi wenye mafunzo hawakunusurika. Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, mbunge wetu wa Arua, aliviziwa Kawanda tarehe 8 Juni 2018, akauawa yeye pamoja na mlinzi wake. Anayekuvizia ndiye anayechagua saa na mahali.

Sasa hasira. Umeandika hujawahi kumwinulia mkono mtu wa nyumbani, nami nakuamini. Mke wako hakusema wewe ni mtu mbaya. Alichosema ni kwamba anakujua, na kwamba hataki hasira yako ikutane na kitu kisichorudi nyuma. Kibao kinaombewa msamaha. Kiti kilichovunjwa kinatengenezwa. Risasi haina nafasi hiyo. Jimbo la California, watafiti walifuatilia watu wazima waliokuwa wakiishi na mwenye bastola bila wao wenyewe kuwa nayo, wakachapisha matokeo 2022. Watu hao walikuwa na uwezekano wa mara 7 zaidi wa kuuawa kwa risasi na mwenzi wao nyumbani kuliko wanaoishi katika nyumba zisizo na silaha, na wengi mno wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Hao wanaume walipokuwa wananunua bastola, naamini wengi walisema wanalinda familia, na walimaanisha. Hapa kwetu, tarehe 2 Mei 2023, waziri Charles Engola, kanali mstaafu, mtu aliyeishi na bunduki maisha yake yote, alipigwa risasi nyumbani kwake Kyanja na mlinzi wake mwenyewe. Hakuna jambazi aliyeruka ukuta siku hiyo.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Raia wa Uganda anaweza kumiliki silaha kwa leseni. Maombi yanapita kwa viongozi wa eneo lako, polisi na watu wa usalama wa wilaya, na mwenye mamlaka ya mwisho ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Ni polepole kwa makusudi, na ni vizuri iwe hivyo. Bastola ya magendo ni habari nyingine. Huijui imeua nani huko ilikotoka, na siku ikikutwa kwako, historia yake yote inakuwa yako. Raia waliokamatwa na silaha wamekuwa wakifikishwa mahakama za kijeshi. Mahakama ya Juu ilizuia hilo tarehe 31 Januari 2025, lakini miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kulirudisha katika mazingira fulani. Mtu wa soko aliyekuuzia hatasimama kizimbani pamoja nawe. Na ukimpiga mwizi risasi kwa silaha isiyo na karatasi, hata kama ulikuwa unajitetea kihalali, utakuwa na kesi ya silaha yenyewe, wakati ambapo watoto wako wanahitaji uwe nyumbani.

Basi ufanye nini? Wale watu walifuata pesa. Umesema ulikuwa umeuza mzigo jana yake. Kaa chini ujiulize nani alijua: dereva, mbeba mizigo, mnunuzi, mtu uliyempigia simu kwa sauti kubwa ukiwa gereji. Simshitaki yeyote, lakini wezi hawakubahatisha usiku ule. Ukifanikiwa kuvunja mazoea ya pesa kulala kwako, umeondoa sababu ya wao kuja. Peleka kwa wakala wa benki au weka kwenye simu kabla jua halijazama, hata kama makato yanauma. Wanaokudai walipe siku ile ile, sokoni, mbele za watu, na ijulikane kabisa kwamba kwako hakulali pesa. Hiyo ndiyo habari unayotaka isambae. Kwa safari za Ariwara, wafanyabiashara wawili watatu mkikubaliana kusafiri pamoja na kubadilisha siku, tayari mmekuwa windo gumu. Ghala likiwa na mali nyingi, kodini mlinzi wa kampuni iliyosajiliwa akae huko ghalani, silaha yake irudi kwa kampuni, isilale ndani ya nyumba yenye watoto.

Mlango wa nyuma uliovunjwa, weka wa chuma, komeo mbili za ndani, juu na chini. Grili madirishani, lakini moja ifunguke kwa ndani, kwa ajili ya moto. Taa ya sola nje, upande ule wa giza. Chumba chenu cha kulala kiwe na mlango imara unaofungwa kwa ndani, na kila mtu wa nyumba afundishwe kwamba kishindo kikisikika, wote wanakimbilia humo, mpwa pia, hakuna shujaa wa kwenda ujiani. Humo iwepo simu yenye chaji, namba ya kituo cha polisi, ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa wenu, na ya majirani watano, pamoja na filimbi au king'ora. Mayumba Kumi, ule utaratibu wa majirani wa nyumba kumi kulindana, wengi wetu tumeuacha ukafa, na inasikitisha, kwa sababu usiku wa mvua jirani anafika kabla ya gari la polisi kuwaka. Itishe kikao. Mtu aliyevamiwa karibuni husikilizwa. Haya yote kwa pamoja hayawezi kukuhakikishia usiku mtulivu, lakini hakuna hata moja litakalomuua mtoto wako kwa bahati mbaya.

Nimemwacha kijana wako mwisho kwa sababu ndiye aliyenikosesha utulivu tangu nisome barua. Umemtaja kwa mistari miwili na kusema hahusiani na wezi. Mwanangu, mtoto wa miaka 17 aliyeanguka mtihani, aliyenyamaza, asiyekula, anayejifungia chumbani, yuko katika hatari sasa hivi, bastola iwepo au isiwepo. Ikiwepo, hatari hiyo inaongezeka kuliko nyingine zote nilizozitaja.

Nakuambia hivi kwa ushahidi. Huko huko California, watafiti walifuatilia mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka kumi, wakatoa matokeo 2020: wanaume waliomiliki bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara 8 zaidi ya wasiomiliki, na wanawake mara 35. Wanaojaribu kujiua kwa njia nyingine wengi huokolewa, na wengi wa waliookolewa hawafi tena kwa njia hiyo. Wanaishi, wanaoa, wanazeeka. Kwa risasi, karibu 9 kati ya 10 hawapati nafasi hiyo. Jeshi la Israeli mwaka 2006 liliamuru askari wake waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Vijana ni wale wale, huzuni zao ni zile zile, bunduki tu haikufuatana nao nyumbani, na waliojiua walipungua kwa asilimia 40. Wazo la kufa mara nyingi huja kwa ukali na kupita. Kinachoamua ni kitu gani kilikuwa karibu katika saa ile.

Kwa hiyo hata hizo dawa kali za kuua wadudu unazotumia kwa maharage, zitoe nyumbani, zikafungiwe ghalani. Fanya hivyo kabla ya kununua komeo.

Kisha zungumza naye. Usianze na mtihani. Mwambie umeona hali yake, na kwamba hujamkasirikia. Muulize wazi kama amewahi kufikiria kufa au kujiua. Wazazi wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litamtia wazo kichwani. Halimtii, mara nyingi linamtua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Akikujibu ndiyo, usimhubirie wala usimpigie kelele. Asiachwe peke yake siku hiyo. Akisema hapana lakini bado hali wala halali, usingoje yapite. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, na huko si kwa ajili ya wanaookota karatasi barabarani tu, kama watu wanavyodhani. Wanaona vijana kama wako. Na wewe pia, usingizi uliokukimbia tangu mwezi wa tatu, waeleze. Mtu aliyevamiwa na mapanga naye anatibika.

Mtihani wa S4 anaweza kurudia, au aende chuo cha ufundi, au umchukue Ariwara akajifunze biashara huku mkiamua. Hayo yana muda. Hospitali haina. Nenda naye wewe mwenyewe, wiki hii, usimtume na mama yake.

Shangazi